Saruji ikishatiwa maji: kromiamu sita na mikono ya fundi

Tanga mawe ya chokaa yanachimbwa hapa hapa Pongwe, na saruji imezoeleka kama chumvi. Pita penye ujenzi wowote utamkuta saidia fundi anachanganya zege peku. Mafundi wanasema "saruji inakula", na ni kweli: saruji mbichi iliyochanganywa na maji ina alkali kali, pH ya 12 hadi 13, inaunguza. Lakini kuna jambo la pili lisilosemwa, nalo ni kromiamu sita, aina mojawapo ya metali ya kromiamu.

Hakuna anayeitia. Kromiamu kidogo imo kwenye malighafi, na tanuru likifika nyuzi 1450 sehemu yake hugeuka kuwa kromiamu sita, ile inayoyeyuka majini. Ukimwaga maji kwenye saruji, inatoka, inapenya ngozi, na mwili unaweza kuanza kuikataa. Fundi hupiga plasta miaka bila tatizo, kisha vidole vinaanza kuwasha na kupasuka. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Hata kiasi kidogo sana hurudisha ukurutu.

Ulaya, tangu 2005, saruji hairuhusiwi kuzidi miligramu 2 za kromiamu sita kwa kilo. Viwanda huongeza salfeti ya chuma, inayoigeuza kuwa kromiamu tatu, ambayo haipenyi ngozi kirahisi. Salfeti hiyo huharibiwa na unyevu, na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Hata saruji iliyotiwa salfeti, basi, mfuko wake ukilala sakafuni miezi, kinga inapungua. Panga mifuko juu ya mbao, anza na ya zamani.

Glavu ziwe za naitrili (aina ya mpira), ndefu, zenye kitambaa ndani. Za ngozi sizikubali kabisa: zinanyonya maji ya saruji, na ngozi nyingi hulainishwa kwa chumvi za kromiamu. Zege likiingia ndani ya glavu au buti, vua papo hapo; likibanwa humo ni baya kuliko mkono mtupu.

Kunawa kwenye ndoo ya kuoshea miko ni kujipaka upya. Tumia maji safi yanayotiririka na sabuni isiyo kali, kisha jipake mafuta. Mafuta ya taa hapana.

Ukurutu usipopona, mweleze daktari wa ngozi kwamba unashika saruji. Kipimo chake ni kubandika mgongoni potasiamu daikromati (chumvi ya kromiamu sita) ya asilimia 0.5, kubandua baada ya saa 48, na kusoma tena siku ya tatu au ya nne.