Euro 2,900 kwa Paa la Kombi

Nimetumiwa makadirio ya kupaka rangi paa la gari langu, paa la faiba, na tangu niyasome nimekuwa nikitafuta mtu wa Tanga wa kuzungumza naye, kwa sababu watu wa huku Ujerumani hawataelewa kilichoniuma. Karatasi inasema euro 2,900, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 ikiwa ndani, na hiyo ni kwa paa peke yake. Milango na ubavu havimo. Aliyewahi kukarabati boti ya faiba pale Deep Sea, bandari ya wavuvi ya Tanga, atapiga hesabu mwenyewe bila msaada wangu. Hata hivyo, bei haikuniudhi kama swali lililoitangulia. Nilipoingia na gari katika karakana hiyo, iliyoko nje kidogo ya Hannover, mpokea wateja alilizunguka, akalisifu, kisha akaniuliza mwenye gari atakuja saa ngapi. Nilimjibu kwamba mwenye gari ndiye anayezungumza naye. Akaomba radhi, lakini akaendelea kunieleza taratibu na kwa sauti ya juu kwamba faiba si bati, na kwamba kazi hii haifai kujaribiwa na mtu asiyeizoea.

Mimi nimekulia Sahare, kule kule Tanga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alianza ufundi kwa mashua za mbao, akizikalafati kwa pamba na mafuta, na wavuvi walipoanza kuhamia kwenye boti za faiba naye akajifunza faiba kwa kuishika, bila darasa wala cheti. Utoto wetu, mimi na binamu zangu, ulipita katika uwanja wake, tukishika ndoo, tukikata mikeka ya nyuzi za kioo kwa mkasi, na usiku tukijikuna shingo hadi usingizi utuchukue. Harufu ya rizini, ile gundi ya maji inayogandisha nyuzi hizo kuwa faiba, niliijua kabla sijaijua harufu ya petroli. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele yangu kunifundisha kwamba faiba si bati aligusa heshima ya watu wengi ambao hawakuwepo pale kujisemea.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya aina ya T3 ya mwaka 1986, iliyoundwa hapa hapa Hannover na kugeuzwa kuwa gari la kulala na kampuni ya Westfalia ya Wiedenbrück. Nyumbani sote tungeliita Kombi. Mapaa ya kuinuka tumezoea kuyaona kwenye magari ya watalii ya Arusha, ambayo huinuliwa ili mgeni asimame amwone simba. Hili langu ni ganda zima la faiba linalopanda juu pamoja na hema la turubai, na ndani ya hema hilo mna kitanda cha watu wawili. Huku gari likitimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili huweza kupewa namba yenye herufi H, na kodi yake ya mwaka huwa euro 191.73, injini iwe kubwa au ndogo. Ndiyo maana sikutaka kulichezea paa hili. Nilitaka lirudi jinsi lilivyotoka kiwandani, katika weupe wake ulioelekea kwenye rangi ya maziwa.

Faiba haishiki kutu, lakini ina kifo chake. Juu ya nyuzi na rizini kuna tabaka la gelikoti, lenye unene wa kama nusu milimita tu, na hilo ndilo linalopigana na jua kwa niaba ya vingine vyote. Miaka inapopita, miale ya jua huvunja rizini ya juu, mng'ao unakufa, na rangi inabaki kama vumbi la chaki. Niliamua kuifanya kazi mwenyewe, nikampigia mjomba kwa video. "Shikamoo mjomba," nilisema. "Marahaba mpwa wangu. Geuza simu, nioneshe paa, uso wako naujua." Akaniambia nipitishe kidole. Kidole kilipotoka cheupe alisema gelikoti imekufa juu tu, chini yake ni nzima. Kisha akaniagiza nichukue sarafu na kuligonga paa polepole, kila mahali, huku simu nikiiweka karibu. Nikawa nagonga, naye kilomita maelfu kutoka hapa anasikiliza, na kwenye skrubu za kichukuzi cha mizigo akanisimamisha. "Rudia hapo." Mlio ambao kote ulikuwa mkali, hapo ulizibwa. Akasema maji yameingia kwa njia ya tundu la skrubu, tabaka zimeachana, nifungue na kukausha kabla ya kuwaza habari ya rangi. Nilipofungua, nyuzi zilikuwa na unyevu na zimegeuka rangi ya chai. Katika makadirio ya ile karakana, jambo hilo halikuandikwa kabisa.

Kazi ya rangi kwenye faiba ni usafi kwanza, na hapa nataka wanaosoma wanielewe vizuri, kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia. Gari lenye umri huu limepakwa nta na mafuta yenye silikoni na kila aliyewahi kulimiliki. Ukianza kwa msasa unaisukuma nta hiyo ndani ya mikwaruzo, na rangi ikija juu yake hukimbia na kuacha vijitundu ambavyo hakuna koti la pili litakaloviziba. Kwa hiyo unaosha kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, unakausha, kisha unafuta kwa tina ya kuondolea nta ukitumia vitambaa viwili: kimoja kilicholowa, na kingine kikavu kinachofuata papo hapo kabla tina haijakauka, maana ikikauka inayaacha mafuta palepale ilipoyakuta. Mwisho unanyunyiza maji safi. Yakitandaa kama shuka, umemaliza. Yakijikunja kuwa matone, nta ingalipo na unarudia. Mjomba alinifanya nirudie kwenye kona za nyuma mpaka aliporidhika. Alinikataza pia dawa kali za kubandua rangi, zile zinazotumika kwenye chuma, kwa sababu dawa haitofautishi rangi na rizini. Inakula vyote viwili.

Msasa ni namba 180 kwa mashine, kisha 320 kwa mkono na maji, na ukiona nyuzi zinachungulia umekwisha vuka gelikoti, simama. Nyufa ndogondogo zilizoenea kuzunguka bawaba hazizibwi kwa rangi: kila ufa unafunguliwa kwa ncha ya chuma hadi uwe na mdomo mpana, halafu unajazwa. Pale penye maji, baada ya kukauka, nilijenga upya kwa mkeka na epoksi, aina nyingine ya rizini, na juu yake praima ya epoksi, yaani koti la kwanza chini ya rangi, paa zima. Mpangilio huo una sababu. Epoksi inashika vizuri juu ya polista ya zamani, ile rizini ya kawaida ya faiba, lakini polista juu ya epoksi haishiki inavyotakiwa, kwa hiyo ukishaingia kwenye epoksi usirudi nyuma.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi hali ya hewa inavyobadilisha ufundi uleule. Kule Sahare mjomba huchanganya rizini alfajiri, na kiasi kidogo kidogo, kwa sababu jua likipanda rizini itamgandia ndani ya kopo huku likifuka moshi. Huku, mwezi wa Aprili, rizini inaweza kukaa siku nzima inanata kwa baridi, na bila nyuzi joto 15 hivi hakuna cha maana kinachofanyika. Adui anayepatikana pande zote mbili ni umande. Mjomba hapaki rangi jioni, wala katika masika, kwa kuwa anaujua umande wa pwani kwa ngozi yake; Mjerumani ana kipimo cha unyevu na jedwali linalomwambia kwamba paa liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Nilimsomea mjomba jedwali hilo, akasema ni sawa kabisa, na akataka nimtumie picha yake.

Nilikuwa sina mahali pa kufanyia kazi, kwani kwenye maegesho ya nyumba tunayopanga hairuhusiwi hata kupiga msasa, na siku ya Jumapili kelele za mashine ni kosa kwa kila mtu. Mzee jirani, seremala mstaafu ambaye kwa miaka yote tuliyokaa naye ukuta kwa ukuta hakuwahi kuniambia zaidi ya salamu, alinikuta nikipima paa kwa kamba, akauliza maswali mawili, akaondoka, akarudi na ufunguo wa banda lake. Hakutaka kodi. Siku ya rangi alikuja amevaa ovaroli, kwa sababu nilimweleza kwamba njia ya mjomba inahitaji watu wawili: mmoja anapaka kwa rola ya sponji kipande chembamba kuvuka paa, mwingine anamfuata kwa brashi pana, akiigusa rangi kwa ncha tu ili kuvunja mapovu, na wote wanakwenda bila kusimama ili ukingo wa rangi usikauke. Mimi nilishika rola, yeye brashi. Mjomba alikuwa kwenye simu juu ya rafu, akitoa amri kwa Kiswahili, nami nikizitafsiri, mpaka ilipofika mahali mzee akawa anazifuata bila kunisubiri. Nimeishi katika nchi hii muda mrefu, na siku hiyo niliona kwa mara ya kwanza mzee wa Kijerumani akipokea maelekezo ya fundi wa Sahare, tena kwa heshima zote.

Sasa nirudi kwenye ile bei, kwa sababu nimeisoma tena baada ya kazi. Ilikuwa saa 26 za fundi kwa euro 75 kila saa, jumla euro 1,950, na vifaa euro 487, halafu kodi. Saa 26 ni hesabu ya haki. Atakayefanya usafi na msasa kama nilivyoeleza hatapungukiwa hapo. Na euro 75 haiingii yote mfukoni mwa fundi. Rangi ya poliurethani ya sehemu mbili ina isosianeti, sumu inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na ukishapata mzio wake hata kiasi kidogo kinakubana kifua. Tangu tarehe 24 Agosti 2023, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka kila anayeitumia kazini, inapofika asilimia 0.1 ya bidhaa, awe amepata mafunzo ya usalama. Anayeipuliza kwa kompresa anatakiwa awe na kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Mteja analipia hewa ile, na ni haki ailipie.

Mjomba amepuliza rangi hiyo hiyo kwa miaka akiwa amejifunga kanga usoni. Anakohoa tangu nikiwa darasa la saba, na nyumbani tulikuwa tukisema ni vumbi. Boti anayoikarabati wiki nzima, na vijana wake watatu, mwenye boti humpunguzia bei hadi mwisho kabisa, tena wanaopunguza sana ni sisi tunaoishi nje ya nchi, tunaotuma pesa za boti ya uwekezaji na kumtaka fundi aone aibu kutaja gharama ya glavu. Hilo linaniuma kuliko swali la mwenye gari yuko wapi. Ufundi ni ule ule, sumu ni ile ile.

Vijana mnaoniandikia kuhusu kuja Ujerumani, nawasihi msije na mikono mitupu. Tangu Juni 2024 kuna kibali kinachoitwa Chancenkarte, cha kuja kutafuta kazi, na kinataka elimu ya chuo au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi uliyotoka, pamoja na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2, na fedha za kujikimu zinazoonekana benki. Kijana anayejua faiba kama vijana wa mjomba, lakini asiye na karatasi, mlango huo hauoni. Nendeni VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, mpate karatasi ya kile mnachokijua tayari, halafu Kijerumani, halafu pasipoti. Anayewaambia mje kwanza mtajifunzia huku anawauzia tiketi.

Mimi kazi imenigharimu kama euro 410 kwa vifaa vyote, barakoa yenye vichujio ikiwemo. Paa limerudishwa, mipira mipya ya kuzuia maji imekaa, na turubai limefungwa. Nilimtumia mjomba hesabu ya saa alizokaa nami kwenye simu, kwa kiwango kile kile cha euro 75. Alikasirika. "Mpwa wangu, mimi nilikuwa naongea tu." Nikamwambia hata ile karakana ingenitoza kwa kuongea. Tumebishana kwa siku kadhaa, mama akaingilia, na mwisho amekubali fedha hizo ziende kwenye pipa la rizini, na kwamba nimtumie barakoa nne za vichujio, yake na za vijana wake, pamoja na glavu za kutosha. Barakoa ninazo tayari, ila vichujio vinachoka na vinahitaji kubadilishwa mara kwa mara, na pale mjini Tanga sijapata duka linaloviuza. Anayesafiri kwenda Tanga mwezi ujao, mwenye nafasi ya kilo tatu kwenye begi, aniandikie. Mzigo nitamletea mwenyewe uwanja wa ndege, Hannover au Hamburg.