Uani kwangu pabaki udongo

Hapa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, nyua zinazibwa moja baada ya nyingine. Mtu akijaliwa fedha kidogo anamwita fundi, unashushwa mchanga, unashushwa simenti na matofali ya kutandaza chini, na wiki haiishi nyuma ya nyumba hapana tena pa kuchomeka hata mche wa pilipili. Nawaelewa. Masika yakishika, tope linaingia na miguu ya watoto mpaka kitandani, na mama aliyelideki tope hilo miaka nenda rudi akipata njia ya kuliondoa ana haki ya kufurahi.

Hata kwetu fundi alishafika. Mume wangu alimleta, akavuta tepu yake kutoka ukuta hadi ukuta, akaniambia, "Mama, ukitandaza hapa umepumzika. Kufagia mara moja tu, umemaliza." Nikamwambia ahsante baba, ila mimi nataka njia tu: kutoka mlango wa nyuma hadi bafuni, na kipande kile penye kamba za nguo. Kwingine kote pabaki udongo. Akanitazama mimi, akamtazama mwenye fedha, kisha akaandika vipimo vya njia. Tangu hapo majirani wananiuliza nimeona nini, nami nimeona niandike mara moja, kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya zamani: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, halafu mlango wa nyuma unaotokea uani kwenye jiko, choo na bafu. Ua wenyewe mdogo, gari likiingia halipati pa kugeukia. Lakini kuanzia adhana ya alfajiri mpaka watoto walale, maisha yetu yako pale. Ndipo tunapokuna nazi, ndipo tunapopepeta mchele, ndipo mabinti wanaposukana, ndipo babu yao anapokalia kigoda chake baada ya alasiri. Sebuleni wanakaa wageni.

Asubuhi naanza na ufagio. Natumia ufagio wa chelewa ninaoufunga mwenyewe: kuti likianguka nalichana ukuti mmoja mmoja kwa kisu kidogo, jani huku, njiti huku, mpaka njiti zinajaa mkono, kisha nazikaza kwa kamba na kuzigongesha chini zilingane. Ufagio mpya una njiti ngumu, unachimba udongo, kwa hiyo mimi nauanzia kazi ya bandani kwa kuku, ukishalainika ndipo nauleta uwanjani. Kabla ya kufagia nanyunyiza maji kwa mkono, kidogo tu, vumbi lilale. Ukimaliza, udongo unabaki na mistari ya njiti imepangana upande mmoja, na harufu ya ardhi iliyolowa inapanda. Hakuna sakafu iliyowahi kunipa raha hiyo.

Halafu kuna maji. Bili ya maji tunailipa wote, na kila nyumba inamwaga ndoo kwa ndoo kwenye karo bila kufikiri. Siku ya kufua mimi naanza na nguo nyeupe, mashuka na kanzu, nafuata za rangi, namalizia za kazi na matambara. Maji ya povu yanakwenda karoni, kwa sababu sabuni ya unga ina chumvi na mimea haiivumilii. Ila maji ya suuza ya mwisho, yale ambayo ukitia mkono unaviona vidole vyako chini ya beseni, hayo yana wenyewe. Wenyewe ni migomba nyuma ya bafu. Mgomba hauchoki kunywa, na wetu haujawahi kukosa maji hata ule mwezi wa Februari ambao kaskazi inakausha kila kitu. Maji ya kuoshea mchele napelekea mchaichai na pilipili. Ya kuoshea samaki nachimba kishimo karibu na mpapai, namwaga, nafukia hapo hapo, la sivyo nzi na paka hawatoki. Sasa niambieni, kama pote pametandazwa matofali, maji hayo yanakwenda wapi? Yanakwenda mtaroni, na mtaro wetu tunaujua.

Matembele ndiyo mboga yangu, nayatetea mbele ya mtu yeyote. Hayataki fedha. Unaomba marando, yale mashina ya kiazi kitamu yanayotambaa, kwa mtu, unayakata urefu wa sentimita 30 hivi, unaondoa majani ya chini, unayalaza udongoni kwa mshazari ili vifundo viwili au vitatu vifukiwe, maana mizizi inatokea kwenye kifundo. Panda jioni, mwagilia, siku mbili tatu za mwanzo yatalala kama yamekufa, yaache. Baada ya wiki 3 au 4 unaanza kuchuma. Uchume ncha, usivute shina zima. Ukikata ncha, rando linatoa matawi pembeni na kitalu kinazidi kufunga. Jambo moja watu hawaambiwi: kitalu unachokichuma majani kila siku usikitegemee kwa viazi. Nguvu ya kiazi inatoka kwenye majani. Anayetaka viazi atenge tuta lake, alikalie mbali.

Kuyachambua ni kazi ya kukaa chini na mwenzako. Unashika jani kwa bua lake, unalivunja pale mwisho bila kulikatisha, halafu unavuta kuelekea kwenye jani: utando mwembamba unakuja na uzi wake mpaka unapofika juu. Bua linabaki laini, kijani hafifu, linang'aa. Vidole vinaingia weusi wa utomvu, na weusi huo unatoka kwa ndimu. Shangazi yangu huyaanika kwanza kwenye ungo juani kidogo, yanyauke, anasema yanapungua utelezi, na mimi nafuata yake. Sufuriani naanza na kitunguu, nyanya na tui jepesi, yakishalainika natia tui zito, nakoroga taratibu mpaka litokote mara moja tu, naepua. Sifuniki, kijani kisipotee. Hapo iwepo ugali na samaki wa kukaanga, maneno yameisha.

Mchicha nao uko, kwenye kitalu cha pembeni ya ukuta ambako jua linapiga asubuhi. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo nazichanganya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, zisirundikane mahali pamoja. Wiki 3 hadi 4 unang'oa. Mbolea ni samadi ya kuku wangu, lakini naiweka kwanza kwenye rundo na majani makavu, inyunyizwe maji, ikae mpaka ipoe na kubadilika rangi, kwa maana mbichi inaunguza mizizi. Vidukari vikianza kukunja majani natwanga majani ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo ili dawa ishike, napuliza jioni jua likishazama. Jivu la jikoni pia linasaidia ukilinyunyizia asubuhi majani yakiwa na umande. Dawa za dukani kwa mboga inayoliwa na wanangu kesho yake, hapana.

Kuku nimewazungushia wavu, maana kuku na mchicha havikai pamoja. Wanakula machicha ya nazi, maganda, na makombo ya ugali. Adui wao ni hawa kunguru wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wametapakaa pwani yote. Wanabeba vifaranga, wanabeba hata kipande cha sabuni kwenye beseni ukigeuza shingo. Juu ya banda nimetanda wavu wa zamani wa kuvulia ambao mvuvi mmoja alitugawia, na tangu hapo vifaranga wanakua.

Sasa nifike kwenye kona yangu. Ninavyovisema hapo juu ni riziki na usafi, lakini kona hii ni ya nafsi. Ukutani, upande wa chumba chetu, nimepanda asumini, mrehani na mkilua. Asumini ninaupogolea kila baada ya kuchanua ili utoe matawi mapya, kwa kuwa maua yanatoka kwenye tawi jipya. Mrehani nauchuma kabla haujafunga mbegu, ukishafunga majani yanakuwa madogo na magumu. Mkilua nilipewa na jirani ukiwa mche, na ulichukua muda kunipa ua la kwanza. Siku ulipochanua nilimwita huyo jirani aje anuse mwenyewe.

Jioni, kazi zikipungua, nafunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia tunavyojipambia wanawake. Alasiri ikishaingia nachuma asumini zikiwa bado zimefumba, nyeupe, ncha imechongoka, zinaita kwa ubaridi kwenye kiganja. Ukichelewa zikafunguka kichakani, ukizigusa zinapukutika. Naziweka kwenye sahani yenye kitambaa kilicholowa. Kisha nachukua kijiti cha mrehani, hicho ndicho mgongo wa kikuba. Nazungushia asumini moja moja, shingo zimeelekea chini, uzi unapita mara moja kwenye kila shingo, unakazwa kwa kiasi: ukikaza mno unakata, ukilegeza linachomoka. Mzunguko wa pili unaziba nafasi za wa kwanza. Nikijaliwa kilua nakiweka katikati, nikijaliwa mkadi sokoni nachana vipande vyembamba navipitisha pembeni. Namalizia kwa uzi mrefu wa kufungia. Magharibi ikiingia, ua moja baada ya jingine linaanza kufunguka lenyewe mkononi mwangu, na kikuba kinanenepa.

Nilifundishwa na bibi mzaa mama, yeye akikaa kwenye mkeka na mimi nikishika uzi. Alikuwa hasemi sana, akikosea mtu alifungua na kumrudishia. Leo nafunga vya binti yangu akienda harusini, vya shangazi, vya mama mkwe ambaye hukibandika chake ndani ya mtandio na kulala nacho. Akizaa mtu mtaani, siku ya arobaini nampelekea. Wapo wanaoniambia niuze. Nimefikiri, na jibu langu ni kwamba kazi ya fedha ninayo mchana. Hii naitaka ibaki ya kupeana. Asumini zinazobaki nazitia kwenye sanduku la kanga.

Wanaopenda hesabu wananiambia udongo unaleta vumbi na wadudu. Vumbi nimeshalieleza. Wadudu, hasa mbu, wanazaa kwenye maji yaliyotuama: makopo, matairi, ndoo isiyofunikwa. Udongo uliopandwa unakunywa maji yake. Joto nalo ni jambo ambalo mtu halioni mpaka alale nalo. Nendeni uani kwa yeyote aliyetandaza ukuta kwa ukuta, mwezi wa Januari, baada ya isha. Vueni viatu. Sakafu bado ina moto wa mchana, na moto huo unaingia kwenye madirisha ya vyumba vya nyuma usiku mzima. Kwetu, upande wa migomba, tunalala dirisha wazi na feni imezimwa.

Na mvua. Vuli iliyopita maji yalitoka kwenye nyua zilizotandazwa juu yetu, yakateremka kwa kasi, yakapita chini ya mlango wa nyumba ya pili kutoka kwetu na kulowesha magodoro ya watoto. Hakuna aliyekusudia. Ni bati, sakafu na mteremko, maji hayakupata pa kuzama. Mwenye nyumba ile aliteseka siku nyingi kuanika magodoro, na bado watu wanaendelea kuagiza matofali. Hilo linaniuma.

Tope la masika nimelipatia dawa yake: makumbi ya nazi. Nayachambua, nayatandaza pale penye kupitwa sana, mguu unakanyaga pakavu, na msimu ukiisha yameoza yamekuwa chakula cha udongo. Njia ya fundi inatosha kwa mzee na kwa mtoto anayejifunza kutembea.

Sasa hivi natayarisha upande wa kulia kwa ajili ya vuli. Oktoba ikianza nataka bamia ziwe ardhini, choya pembezoni mwa wavu wa kuku, na mche mwingine wa asumini kwa binti yangu, ameuomba mwenyewe. Marando ya matembele ninayo mengi mno mwezi huu, nayapunguza kabla hayajaingia njiani. Kwa majirani zangu: njooni asubuhi kabla jua halijapanda, mje na mfuko, nitawakatia.