Nimerudi Tukuyu, Banyambala hawajulikani

Kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Hilo halikunisumbua. Nikamwambia, "Unipitishe kwanza uwanjani, nikaone nyumbani kwa Banyambala." Akageuza shingo: "Banyambala ndio akina nani, mzee?"

Nikadhani ananitania. Nikamtajia Tukuyu Stars, timu yetu ya mpira yenye jina hilo la utani. Akasema amewahi kumsikia babu yake akiitaja. Basi, ikaishia hapo.

Nimekaa nje miaka 19. Nilijua nitakuta makaburi mapya nyuma ya nyumba, na nimeyakuta. Hili sikujiandaa nalo. Tangu Jumatatu nimewauliza vijana wanane, na sita hawajui kwamba bingwa wa Tanzania Bara aliwahi kutoka hapa, chini ya mlima Rungwe.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuhadithiwa 1986. Timu ndiyo kwanza imepanda daraja, jasho halijakauka, ikabeba ubingwa mbele ya Simba na Yanga! Nyumbani kwetu betri za redio zilikuwa zinaanikwa mchana, siku jua likikubali kutoka, ili zifike dakika ya 90. Mama alibeba mkungu wa ndizi kichwani kupeleka kambini. Hakuna aliyemwomba. Timu ilikuwa yetu, na wachezaji walikula tulichokula.

Wala hatukuwa peke yetu. Mseto ya Morogoro ilishachukua 1975, Coastal Union ya Tanga ikafuata 1988. Lakini tangu Mtibwa Sugar ichukue 1999 na 2000, kombe limewatoka Simba na Yanga mara moja tu, 2014, likaenda Azam, palepale Dar es Salaam. Kijana wa miaka 25 hajawahi kuona kombe likipanda basi kwenda mkoani. Nimlaumu kwa lipi?

Wa kulaumiwa ni sisi tuliokuwepo. Ligi ya leo inataka mishahara, kambi na nauli za nchi nzima, ndiyo maana wanaodumu ni wenye jeshi au halmashauri nyuma yao: JKT, Prisons, Mashujaa, Dodoma Jiji. Jirani zetu wa Mbarali walikuwa na Ihefu. 2024 ikageuka Singida Black Stars. Daftari la michango ya mtaa haliwezi kushindana na hayo, nakubali. Ila kusimulia hakuhitaji mdhamini. Tulinyamaza bure, na nina uchungu nalo.

Wewe unayejiandaa kurudi, jezi za klabu za Ulaya usijaze begi, huku zimejaa. Leta simu yenye nafasi ya kurekodi, na siku ya kwanza nenda kwa wazee kabla hujaanza kuzungushwa kwa ndugu. Mimi nilichelewa: wawili niliokuwa nawategemea walishazikwa.

Jana nilimpata mmoja, shabiki aliyeifuata timu hadi Dar. Macho hayaoni tena. Nilipompa shikamoo na kumtajia mwaka, alikaa wima akaanza kupanga kikosi kuanzia golikipa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alifika majina tisa. Mawili yamempotea, na alikasirika mpaka akakataa chai.

Kama baba au babu yako alikuwepo, muulize leo hii, kisha niandikie. Keshokutwa narudi kwake.