Mdiria wa Mdomo Mweusi

Usiku wa tatu huu niko na picha moja tu. Nilirudi kutoka Naivasha Jumapili na picha zaidi ya mia mbili kwenye kamera niliyoazima kwa kaka, nyingi za viboko na za furukombe, ambaye hana haja ya kutambulishwa. Ila kuna hii: kindege kadiri ya shomoro juu ya bua la mafunjo, mdomo mrefu, mweusi. Mwenye mashua alisema, "Mdiria huyo, dada," tukapita.

Mdiria, sawa, lakini yupi? Wadiria wadogo wa buluu na chungwa niliozoea kuwaona wana mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva. Moyo ulinidunda, nikaamini nimepata ndege adimu. Nikaikuza picha, nikakata kila kitu pembeni hadi kikabaki kichwa. Kadiri nilivyokuza ndivyo alivyozidi kuyeyuka.

Asubuhi hii nimeipeleka kwenye matembezi ya ndege ya kila Jumatano, yale ya Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi. Chama hicho kina mizizi tangu 1909, na ukitembea nao utaelewa: wana subira ya watu wasiokimbizwa na kitu. Mzee mmoja mwenye darubini shingoni akaishika kamera, akaniuliza, "Mwanangu, hii umeikata. Ile nzima iko wapi?"

Nikamfungulia. Akatazama mafunjo, akatazama maji, ndege mwenyewe mwishoni. Kisha akaweka ukucha juu ya jicho la ndege. Akasema kuna mdiria mwingine anayefanana naye sana, kwa jina la kisayansi Ispidina picta. Huyo ana ukanda wa rangi ya chungwa juu ya jicho, shavu lake lina zambarau, na mara nyingi hukaa vichakani mbali na maji akiwinda wadudu. Kwa wangu, buluu ya utosi imeshuka mpaka kwenye jicho. Basi ni Corythornis cristatus, yule yule wa kila siku, ila mchanga. Akiwa mdogo mdomo wake huwa mweusi, wekundu huja akikomaa.

Na mbona buluu yake imefifia hivi, nikauliza, ilhali chungwa la tumbo linaonekana? Kwa sababu chungwa ni rangi kweli, imo ndani ya unyoya kama rangi ya kitambaa cha kanga. Buluu ni mwanga unaotawanywa na muundo wa unyoya wenyewe. Mimi nilipiga picha nikilielekea jua, kwa hiyo mwanga haukuwa na njia ya kunirudia.

Nilidhani nitasikitika kwamba si adimu. Nimefurahi zaidi. Wadiria hawa huchimba shimo kwenye kingo za udongo na kutaga humo, kwa hiyo kindege niliyemkuta alikuwa ametoka gizani juzi juzi tu, bado anajifunza kushika bua.

Nimeirudisha picha nzima sasa. Chini kushoto, katika kile kipande nilichokuwa nimekitupa, kuna mabua matatu yamepishana, na katikati yake umechomoza mdomo mwingine. Huo ni mwekundu.