Omba vyuo vinne vya udaktari, usiuze korosho ikiwa bado ua

Swali limenifikia wasapu na ni fupi tu: mjomba, niombe vyuo vingapi? Matokeo ya kidato cha sita yametoka, mpwa wangu wa Newala kafanya vizuri, kombi yake PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), anataka MD, yaani digrii ya udaktari, na hataki kusikia kitu kingine. Sasa kila mtu anampa namba yake. Mwalimu wake anasema viwili vinatosha, wenzake waliosoma Dar wanaomba hadi kumi, alafu akaingia mtandaoni akakuta watu wanasema kumi na tano, ishirini. Mimi nimemwambia vinne. Na kwa sababu najua kuna wazazi na watoto wengi huku kusini wanahangaika na jambo hilohilo muda huu naona bora niandike sababu zangu zote hapa, kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba, swali lake ni langu na hela ya maombi nusu inatoka kwangu, kwa hiyo nimelifikiria kweli.

Hao wa kumi na tano na ishirini kwanza tuwaweke pembeni, wale ni Wamarekani. Kule mtu anamaliza kwanza digrii ya kwanza, anafanya mtihani wao wa MCAT, anajaza fomu moja kwenye mfumo unaitwa AMCAS inasambazwa kwenye vyuo anavyovitaka, kila chuo kinamtumia maswali yake ya insha na baadaye wanaitana kwenye intavyuu. Mtu mwenye maksi nzuri sana anaweza kukataliwa kwa sababu ya insha au intavyuu, hajui nani atampenda, ndo maana anarusha nyavu kila upande. Sisi hapa kinachoangaliwa ni ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, wanapangwa kuanzia wa juu kwenda chini mpaka nafasi ziishe. Kwa hiyo kuongeza vyuo vya kiwango kilekile cha ushindani hakukuongezei sana kitu, kama ufaulu wako haukutosha Muhimbili hautatosha na kingine chenye foleni ileile ya watu. Kinachokusaidia ni vyuo vinavyotofautiana.

Sasa tuje kwenye hela maana hapa ndo penye uzito na ndo sisi wa Mtwara na Lindi tunatofautiana na watu wa mikoa mingine. Dirisha la maombi linafunguliwa mwezi wa saba. Kila mtu wa huku anajua mwezi wa saba ukoje. Mikorosho imetoa maua, watu wako shambani wanapuliza dawa, hela yote iliyopo inaishia kwenye petroli ya bloa, ile mashine ya kupulizia, na vibarua na hata salfa ya ruzuku ikifika bado kuna gharama za kuifikisha kwenye mti. Mnada wa kwanza ni mwezi wa kumi huko, korosho ipelekwe AMCOS, yaani chama cha ushirika, iende ghalani, iuzwe, alafu mkulima asubiri malipo yaingie benki. Yaani hela ya korosho inakuja mtoto akiwa ameshatakiwa kuripoti chuo, na maombi anayafanya wakati nyumba haina kitu. Ada ya maombi inalipwa kila chuo peke yake, kontroo namba yake, na hairudi hata ukikosa. Kwa familia ya mshahara kuongeza chuo kimoja ni jambo dogo, kwa dada yangu ni hesabu ya kukaa chini.

Na hapo ndipo watu wa kangomba wanapoingia, wale wanaonunua korosho kwa magendo kabla haijavunwa. Wanajua kabisa mwezi huu mzazi ana mtoto wa chuo, anakuja mmoja na noti mkononi, anakwambia niuzie mimi mavuno yako hela nikupe leo, na bei anayokupa wewe mwenyewe unaijua kwamba ni ya kukunyonya. Nimeona mzee mmoja, mtu wa heshima, akitoa korosho ambayo bado ni ua ili mtoto aombe vyuo vingi "kwa usalama". Mwezi wa kumi mtoto kachaguliwa vizuri tu, na hela ya nauli, godoro na ada ya kuanzia haipo kwa sababu magunia yalishakuwa ya mtu. Jambo hili linaniumiza sana na ndo limenifanya niandike. Chuo cha saba hakistahili gunia la korosho. Kama hela yako inatosha vyuo vitatu bila kugusa shamba, omba vitatu na uvichague kwa akili.

Kuchagua kwa akili kunaanza na kuyaangalia matokeo bila kujidanganya. Mpwa wangu ana B ya Kemia, B ya Baiolojia na C ya Fizikia. NECTA wanamwambia ana divisheni wani ya saba, na mtaani kila mtu anampongeza, wani ya saba hiyo, mchezo? Ila kwenye udahili hawatumii hesabu hiyo, kule A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kwa hiyo yeye ana pointi 11 kati ya 15. Juu yake wapo wenye 12, 13, 14 na 15 nchi nzima, na wengi wao wanaanza na Muhimbili. Sio kwamba asiombe Muhimbili, aombe, lakini asiombe akiwa anaihesabu kama yake.

TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, ni PDF, bure kabisa kwenye tovuti yao. Fungua ukurasa wa chuo, tafuta MD, utaona sifa za chini na pembeni kuna safu ya idadi ya nafasi. Watu wanasoma sifa za chini wanasema ninazo, basi wanafunga kitabu. Sifa za chini maana yake ni kwamba fomu yako itapokelewa tu, kinachokuonyesha ushindani ni ile idadi ya nafasi na jina la chuo. Kaa na safu ile.

Sisi tulipokaa nayo tukatoka na hivi: Muhimbili kama chaguo la kutamani, maana asipojaribu atajuta. Dodoma, UDOM, chuo cha serikali. Mbeya, ile kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo watoto wengi wa kusini hata hawajui kama ipo, wakati sisi ndo tunatakiwa kuijua kuliko wengine, lami ipo kutoka Masasi, Tunduru, Songea hadi Makambako, unafika Mbeya bila kuiona Dar. Na cha nne Bugando, Mwanza, ambacho ni cha binafsi, cha kanisa. Tulibishana kati ya Bugando, KCMC Moshi na Ifakara, vyote vinaeleweka na vyote vina hospitali za kujifunzia, mwisho Mwanza ikashinda kwa sababu kuna baba yake mdogo anaishi kule na mtoto atapata pa kufikia. Mwingine mwenye ndugu Moshi afanye kinyume chake.

Kwa nini cha kanisa kiwe kimoja tu? Ada. Chuo binafsi ada ya MD ni zaidi ya mara mbili ya chuo cha serikali, kwa miaka mitano. Kabla hujaweka chuo binafsi kwenye orodha kaa na mzazi muulizane swali moja, kama mkopo ukija nusu au usije kabisa, tutaenda? Kama jibu ni hapana kitoe, usikiweke ili kujaza namba. Dada alijibu kwamba wakija na mkopo hata wa sehemu tu ataweza, kuna shamba la marehemu mama bado linazaa vizuri. Sawa, kimebaki.

Kitu kingine ambacho watoto hawakitumii: ndani ya fomu ya chuo kimoja unapanga kozi zaidi ya moja. Hapo unaweza kuweka MD ya kwanza alafu famasia, uuguzi, maabara, kwa ada ileile uliyolipa. Mpwa wangu alikataa kata kata, anasema yeye ni MD tu, nikamwambia mama sikulazimishi, ila andika tu kozi ambayo ukiipata utaisoma kwa moyo, kama haipo acha wazi. Kaweka famasia Muhimbili. Kwingine kaacha wazi. Hayo ni maisha yake.

Sasa simu. Hili nawaomba mlisome vizuri kwa sababu linaharibu watoto wenye uwezo kabisa. Watu wengi wa vijijini wanajaziwa fomu steshenari, na yule kijana wa steshenari anakuwa na haraka, foleni ndefu, mtandao unakatika, anaweka namba yake ya simu na imeili yake kwenye akaunti ya mtoto ili mambo yaende. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja kabla ya tarehe waliyopanga, kwa namba ya siri inayotumwa kwa meseji. Meseji inaenda kwa nani? Kwa kijana wa steshenari, ambaye amejaza watoto wengi na hakumbuki. Jirani yetu mmoja mtoto wake alichaguliwa vyuo viwili, wakakimbizana kumtafuta yule kijana kumbe kahamia Lindi na laini kabadilisha. Kwa hiyo nenda na simu yako na laini yako yenye jina lako au la mzazi, tengeneza imeili yako kabla hujatoka nyumbani, pasiwedi andika kwenye daftari, na simama nyuma yake uangalie namba anayoandika mpaka tarakimu ya mwisho. Ukiomba vyuo vinne fanya hivyo mara nne. Akinuna anune.

Bodi ya Mikopo ina dirisha lake tofauti, usisubiri uchaguliwe ndo uanze. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wale wa vizazi na vifo, unatafuta mdhamini, sahihi na mihuri ya serikali ya kijiji, na mtendaji wetu ukimkosa Jumatatu unaweza kumpata Alhamisi. Anza na hayo hata kabla ya vyuo.

Mwisho kuna awamu ya pili, na ndo sababu kubwa nimesema vinne na sio sita. Waliochaguliwa kwingi wakishathibitisha kimoja nafasi nyingine zinabaki wazi, vyuo vinatangaza tena, na pale unaomba ukiwa unaona nafasi zilipo. Mtu aliyemaliza hela yote awamu ya kwanza anabaki anaangalia. Hela ya vyuo viwili tumeiacha kwenye simu ya dada na nimemwambia hiyo haiguswi hata petroli ya bloa ikiisha, anipigie mimi.

Na kwa mwenye D na E ambaye ananiuliza aombe vingapi, nitakwambia nilichofanya mimi. Nilisoma utabibu ngazi ya diploma, miaka mitatu, na hadi leo natibu watu. Vyuo vya matabibu vipo hapahapa Mtwara na Masasi, maombi ya afya ngazi hiyo yanasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na tarehe zake ni nyingine. Ukitoka na GPA isiyopungua 3.0 na masomo ya kidato cha nne wanayoyataka yako sawa, mlango wa MD unakuwa bado upo, na utaingia ukiwa umeshashika wagonjwa. Kwa hiyo wewe angalia kwanza sifa za chini za MD kwenye kitabu cha TCU, kama unazo omba chuo kimoja au viwili vyenye ushindani mdogo na hela iliyobaki iweke kwenye diploma, kama huna weka yote kwenye diploma.