Nilivyompandisha mama Capri Point na goti lake linalouma

Mama yangu anauza dagaa pale soko la mwaloni Kirumba, Mwanza, zaidi ya miaka 20 sasa, ziwa analiona kila siku ila kuliona toka juu alikuwa hajawahi. Siku moja akaniuliza tu, "hivi wanaopandaga kilima cha Capri Point huwa wanaona nini?" basi likanikaa kichwani.

Mara ya kwanza nilikosea kabisa. Tulitoka saa 6 mchana, yeye kavaa kandambili, mawe yamepata moto hata mkono huweki, hatujafika nusu goti likagoma tukarudi. Iliniuma sana aisee, kwenye bajaji alinyamaza njia nzima.

Mara ya pili nikajipanga. Nikamtafutia raba za mtumba zenye soli nzuri, nikasubiri siku ambayo mvua haijanyesha, maana yale majabali yakiwa makavu yanashika mguu kama msasa ila yakilowa hapafai. Saa 11 na nusu alfajiri bajaji ikatusogeza mpaka inapoishia, tukaanza mdogo mdogo, kila akisema goti tunakaa, sikumharakisha hata mara moja.

Tulivyokaa mara ya pili ndo akaziona taa. Ilikuwa giza la mwezi, mitumbwi ya dagaa bado iko majini na taa zake, yani ni kama kuna mji mwingine umejengwa ziwani. Mama akasimama mwenyewe. "Kumbe ndo wanakuwaga wengi hivi?" Miaka yote ananunua dagaa za hao watu, hiyo kazi yao ya usiku hajawahi kuiona.

Jabali la mwisho ndo lilikuwa kazi. Nilitangulia, nikazungusha khanga yake kiunoni kwangu yeye akashika ncha mbili, akawa anaweka mguu kwenye nyufa, mguu mzima kwanza kisha ule wa goti unafuata. Tukafika kumekucha, mijusi imeanza kutoka kuota jua. Hospitali ya Bugando kule juu ya kilima chake, Saanane hapo chini karibu kabisa, kale kakisiwa ambako toka 2013 ni hifadhi ya taifa, na Jiwe la Bismarck ambalo ukiwa chini unaliona kubwa, huku juu ni kama mtu kapanga kokoto. Yeye alikuwa anatafuta Kirumba tu. Nilivyomuonyesha akaishika khanga kifuani akasema "wabeja mwanangu", yani asante kwa Kisukuma, halafu akakaa kimya muda mrefu anaangalia mitumbwi inavyorudi.

Kushuka tulishuka kwa makalio sehemu za mteremko mkali, hiyo ndo salama kwa goti. Saa 4 alikuwa mwaloni anapima dagaa. Jioni akanipigia, giza la mwezi likirudi tena tutoke saa 10, anataka kuziwahi taa zikiwa zote.