Tulivyookoa kuta za shule kongwe iliyogeuzwa makazi

Nilipokabidhiwa usimamizi wa sehemu ya nje ya jengo lile, ndani kazi ilikuwa imeshaanza: madarasa yalikuwa yanagawanywa kuwa nyumba za kuishi. Mimi niliachiwa kuta za matofali mekundu, madirisha marefu na mlango mkuu. Chini ya dirisha moja la ghorofa ya chini niliona michirizi kwenye tofali, mingi, imejipanga, kila mmoja unaenea ncha ya kidole. Hapo ndipo watoto walikuwa wakinoa kalamu za mawe, enzi za kuandikia vibao. Nikasema ukuta huu hausafishwi kwa kupulizwa mchanga na mashine hata iweje.

Mkandarasi alitaka kuupuliza kweli, ung'ae. Lakini tofali la kuchoma lina ngozi ngumu kwa nje. Ukiikwangua, unabaki na udongo laini unaofyonza kila tone la mvua. Tukasafisha kwa maji na brashi laini. Tulijaribu kwanza kipande cha mita 1 ya mraba upande wa nyuma, tukakiacha kikauke kabisa ndipo tukaendelea. Madoa yaliyogoma tuliyaacha.

Kilichoninyima usingizi ni saruji. Miaka ya nyuma kuna waliokarabati ukuta kwa kujaza saruji kwenye viungio, yaani mianya kati ya tofali na tofali, na sasa matofali yalikuwa yanabanduka uso na kutoa chumvi nyeupe. Mimi nilidhani matofali yamechoka. Fundi mmoja mzee akagonga kwa patasi, akaniita karibu: "Tazama, mwanangu. Saruji nzima, tofali ndilo linaloliwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua kupitia viungio vyake. Ukiviziba kwa saruji, unyevu unatokea kwenye tofali, na maji yakikauka chumvi inabaki, inakua na kupasua uso. Isitoshe, saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani: ukuta ukitanuka na kusinyaa kwa joto na baridi, anayeumia ni tofali.

Ikabidi saruji itolewe kwenye viungio. Siku ya kwanza niliruhusu mashine ya kuikatia, nikajuta; ilikula kingo za matofali kabla ya saa sita. Kuanzia hapo ni patasi nyembamba na nyundo tu, kwa kina cha milimita 25 hivi. Tukalowesha viungio, tukajaza chokaa sehemu 1 kwa mchanga mkavu, ulio na chembe kubwa na ndogo, sehemu 3. Kisha tukafunika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ikikaushwa na jua upesi inageuka vumbi. Vijana walichoka na kumwagilia yale magunia, nami sikuwalaumu, ila sikulegeza.

Madirisha yalitaka ubishi zaidi ya kazi. Mwenye jengo alitaka ya alumini. Tulipoyafungua tukakuta mbao zimeoza sehemu ya chini tu, kwa hiyo tukaunga vipande vipya, na kwa ndani tukaweka kioo cha pili cha kuzuia kelele na baridi. Kwa kuwa madarasa ya juu yaligawanywa kuwa ghorofa mbili, moja juu ya nyingine, sakafu mpya ingeonekana ikikata dirisha katikati. Msanifu aliirudisha nyuma kiasi cha mita 1. Ukisimama uani leo, huwezi kujua kwamba ndani kuna ghorofa mbili.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote anayeanza kazi kama hii: madishi, mabomba na mashine za kupoza hewa viandikwe kwenye mkataba kabla mkazi hajapewa ufunguo. Sisi vyote tulivipeleka upande wa nyuma, na hakuna tundu jipya kwenye uso wa mbele.

Ukuta wa nyuma wenyewe bado una saruji ya zamani. Mvua zikiisha, yule mzee atarudi na patasi yake.